Kuondoa floraidi kwenye maji ya Meru: mambo ambayo tasnifu nyingi huyaruka

Mtafiti akileta dawa mpya ya kunasa floraidi, kiambata kisichoonekana majini ambacho kikizidi huharibu meno na mifupa, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: uliipima kwa maji gani? Akijibu kwamba aliyeyusha sodiamu floraidi kwenye maji yaliyokenekwa, basi sehemu ngumu ya kazi bado iko mbele yake. Haya yanayofuata ndiyo ambayo kazi ya floraidi kaskazini mwa Tanzania imewafundisha wahandisi, wanakemia, walimu na watu wa mazingira wanaoifanya. Tunayaandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeandaa andiko lake la utafiti, na kwa ajili ya msimamizi atakayelisoma.

Tuanze na maji yenyewe. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeshikana na floraidi na kutuama. Kwa kuwa ni haba, floraidi inabaki imeyeyuka pamoja na bikaboneti nyingi, na pH hupanda hadi 8 na kuendelea. Maziwa ya Momela yana mamia ya miligramu za floraidi kwa lita. Chemchemi na visima vya wananchi haviko huko, ila vingi vinapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Tanzania yenyewe ilivumilia 8 tangu miaka ya 1970, ikashuka hadi 4, na sasa kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Anayekunywa zaidi ya hapo tangu utotoni hupata madoa ya kahawia menoni. Kiasi kikiwa kikubwa na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo hukakamaa na miguu ya watoto hupinda.

Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana mno, na chemchemi moja hubadilika kati ya masika na kiangazi. Kwa hiyo sampuli moja iliyochotwa Aprili haitoshi kubuni chujio. Chota angalau mara moja wakati wa mvua na mara moja mwishoni mwa kiangazi, na ubuni kwa kiwango cha juu. Chupa ziwe za plastiki, kwa sababu floraidi hushambulia kioo, hasa kukiwa na asidi. Siku hiyohiyo pima pia pH, bikaboneti, kalsiamu, fosfeti na rangi. Vipimo hivi watu huviona vya ziada, kumbe ndivyo vitakavyoeleza baadaye kwa nini dawa iliyofanya vizuri maabara imeshindwa kijijini.

Kabla ya kubuni chochote, uliza kama kuna maji mengine. Paa la bati la mita za mraba 30, mvua ya milimita 500 kwa mwaka, ukikusanya asilimia 80 tu, linakupa lita 12,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupika inahitaji lita 7,300 kwa mwaka. Kikwazo ni mahali pa kuyahifadhi: kiangazi cha siku 150 kinataka tangi la lita 3,000. Mara nyingine tangi hilo na bomba la kukingia ni nafuu kuliko miaka kumi ya kubadilisha dawa ya chujio. Kuchanganya maji ya chemchemi mbili nako hufanya kazi: sehemu moja yenye 4 na sehemu tatu zenye 0.5 zinatoa karibu 1.4. Mtafiti anayependa dawa yake huona uchungu kuandika sura hii. Aiandike.

Sasa kipimo. Kifaa cha kuaminika ni elektrodi ya floraidi yenye fuwele ya lanthanamu floraidi, inayotoa milivolti kulingana na floraidi iliyo majini. Kila sampuli huchanganywa nusu kwa nusu na bafa ya TISAB, myeyusho wa kusawazisha pH na chumvi za sampuli: asidi asetiki kali mililita 57, chumvi ya sodiamu kloraidi gramu 58 na gramu 4 za CDTA, kemikali inayoishika aluminiamu ili iachie floraidi, unayeyusha kwenye maji kama mililita 500, unarekebisha pH kwa sodiamu haidroksaidi hadi kati ya 5.0 na 5.5, kisha unajaza hadi lita moja. Myeyusho mama wa miligramu 100 kwa lita unapatikana kwa miligramu 221 za sodiamu floraidi kavu kwenye lita moja. Kutoka hapo tengeneza 0.5, 1, 5 na 10, zinazozunguka maji yako halisi. Mstari wa kipimo ushuke karibu milivolti 57 hadi 59 kila floraidi inapoongezeka mara kumi. Ukipata 50, usiendelee. Mara nyingi fuwele ni chafu, kuna kipovu cha hewa chini yake, au myeyusho wa ndani ya elektrodi umepungua.

Kosa la milivolti moja ni kosa la asilimia 4, kwa hiyo joto lina maana kubwa. Mashine ya sumaku ya kukoroga hupata moto baada ya nusu saa, na sampuli za mwisho husomwa zikiwa na joto kuliko zile za kusawazishia. Weka kipande cha sponji au boksi kati ya mashine na bika, na urudie kusoma myeyusho wa 1 kila baada ya sampuli kumi.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye dawa zenye aluminiamu. Aluminiamu ikivuja kwenye maji hushikana na floraidi, na elektrodi haiwezi kuiona floraidi iliyoshikwa hivyo. Bafa isiyo na CDTA, au haraka ya kusoma kabla CDTA haijamaliza kazi yake, itakupa namba ndogo ya kupendeza huku floraidi yote ikiwa bado kwenye glasi. Kwa hiyo kila dawa ya alumina au shabu ipimwe na aluminiamu inayobaki, isizidi miligramu 0.2 kwa lita. Njia ya rangi ya SPADNS ni rahisi kwa kazi ya uwandani, lakini aluminiamu na bikaboneti nyingi huipotosha, na maji yenye rangi ya chai kama ya baadhi ya mito ya Arumeru huipotosha zaidi.

Tukija kwenye uwezo wa dawa, hapo ndipo tasnifu nyingi huteleza. Jaribio la kawaida linakwenda hivi: gramu 0.1 za dawa kwenye mililita 50 za maji, unatikisa saa kadhaa, unachuja, unasoma. Uwezo ni tofauti ya floraidi ukizidisha kwa ujazo na kugawa kwa uzito. Mtu anaanza na maji ya miligramu 100 kwa lita, anamaliza na 78, anahesabu: 22 mara 0.05 gawanya kwa 0.1, uwezo ni miligramu 11 kwa gramu. Anaandika kwamba dawa yake inashinda zote kwenye jedwali. Lakini maji yaliyobaki yana 78, na hakuna mtu anayekunywa maji hayo. Dawa hiyohiyo ukiipa maji ya kijiji yenye 5 na kuyashusha hadi 1.5, hesabu inatoa miligramu 1.75 kwa gramu. Bikaboneti na pH ya juu zikipigania nafasi, inaweza kushuka zaidi.

Tuone maana yake nyumbani. Familia ina kilo 10 za dawa, maji ya 5, chujio linaondoa wastani wa 4.5, matumizi lita 20 kwa siku. Hiyo ni miligramu 90 kila siku. Kwa uwezo wa 11, dawa ingedumu miaka mitatu na zaidi. Kwa uwezo wa 2, inaisha baada ya siku 222, yaani miezi saba na kidogo. Ukimwambia mama wa nyumba kwamba chujio ni la miaka mitatu, utakuwa umemhakikishia maji salama huku wanawe wakinywa floraidi kwa zaidi ya miaka miwili. Ndiyo maana tunasisitiza grafu ya uwezo ichorwe kwa maji halisi, na uwezo unaotangazwa uwe ule unaosomwa kwenye 1.5. Modeli za Langmuir na Freundlich, milinganyo ya kueleza jinsi dawa inavyonasa, zina kazi yake, ila ukubwa wa R mraba, yaani jinsi mlinganyo unavyokaa na vipimo, hautamsaidia mtu kupanga tarehe ya kubadilisha dawa.

Baada ya jaribio la kutikisa kwenye chupa, nenda kwenye mrija uliojazwa dawa, maji yakipita ndani yake. Kipenyo cha mrija wa maabara kiwe angalau mara kumi ya chenga kubwa, la sivyo maji yatapita pembeni mwa ukuta na kuiruka dawa. Chenga za milimita 2 kwenye mrija wa sentimita 1 zinakupa matokeo ya ukuta, si ya dawa. Endesha hadi floraidi ianze kuvuka 1.5, na uendelee hadi karibu na kiwango cha maji yanayoingia. Kazi hii huchukua wiki, na ndiyo sababu wengi huikimbia.

Nanoteknolojia imeleta matumaini makubwa hapa, na kwa haki. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Hilo la kupanga kulingana na mahali ndilo tunaloliona la thamani kuliko udogo wa chembe. Jambo jingine alilofanya sawasawa ni kuweka machujio kwa wajasiriamali wanaouza maji, hivyo pana mtu mmoja anayejua siku ya kubadilisha dawa.

Kwa nini chembe ndogo? Ni eneo. Chembe za haidroksiapataiti, madini yaleyale ya mfupa, zenye kipenyo cha nanomita 20 zina eneo la karibu mita za mraba 95 kwa gramu. Kuzitengeneza si kugumu: kwa gramu 10, chukua gramu 23.5 za kalsiamu naitreti yenye maji manne na gramu 7.9 za diamoniamu haidrojeni fosfeti, kila moja kwenye maji yake. Dondosha ya fosfeti polepole ndani ya ya kalsiamu ukishikilia pH 10 hadi 11 kwa amonia, acha ikomae kwa siku moja, osha, kausha kwa nyuzi 80 hadi 100. Ukidondosha haraka au pH ikishuka, unapata mchanganyiko wa fosfeti nyingine.

Shida huanza unapotaka kilo. Kilo 10 za dawa hii zinaacha karibu kilo 12.3 za naitreti kwenye maji ya kuoshea. Kuyapunguza hadi kiwango cha maji ya kunywa, miligramu 50 kwa lita, kunahitaji zaidi ya lita 240,000. Kwa hiyo mtafiti wa mazingira aketi mezani tangu siku ya kwanza, asiitwe mwishoni kuandika aya moja. Kisha kuna unga wenyewe: hauwezi kupitisha maji kwa uzito wake tu, unaziba, au unatoroka na maji. Lazima ufanywe punje kwa kiunganishi kama udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, na kila hatua hiyo inakula sehemu ya eneo ulilolitafuta. Uwezo wa kuripoti ni wa punje.

Na hapa ndipo mfupa wa ng'ombe unapoheshimika. Fuwele za mfupa ni vibamba vyenye unene wa nanomita chache tu, vimepangwa ndani ya protini. Ukichoma protini bila kuunguza fuwele, unabaki na chenga ngumu, yenye vitundu, yenye eneo linaloweza kufika mita za mraba 100 kwa gramu, bila naitreti yoyote. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Upande wa Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru pamoja na taasisi ya Eawag ya Uswisi waliichanganya na vidonge vya kalsiamu na fosfeti ili dawa idumu zaidi.

Siri yote iko kwenye moto. Mifupa ichemshwe kuondoa mafuta, ianikwe hadi ikauke, ipangwe kwenye tanuri linaloingiza hewa kidogo tu. Joto lipande taratibu hadi kati ya nyuzi 400 na 500, lishikiliwe saa kadhaa. Tumia themokapo (vipimajoto vya waya) mbili, moja katikati ya lundo na moja pembeni, maana tofauti inaweza kuzidi nyuzi 100. Likipita sana 600, fuwele zinaungana na kukua, eneo linaporomoka, na mfupa unatoka mweupe kama chokaa, mzuri wa macho lakini dhaifu wa kazi. Joto likiwa dogo, unabaki mweusi wenye mafuta: maji yatanuka, yatakuwa ya njano, na familia haitayaonja mara ya pili. Unaotafutwa ni wa kijivu. Vunja kipande uangalie ndani, kwa sababu nje inaweza kuwa kijivu na ndani nyeusi tii. Tanuri lisifunguliwe likiwa la moto. Hewa ikiingia ghafla, tabaka la juu linaungua na kuwa jeupe ndani ya muda mfupi.

Baada ya kusaga, chekecha ubaki na chenga za milimita 0.5 hadi 2, uoshe hadi maji yawe maangavu. Loweka kiasi kidogo usiku kucha. Maji yakibadilika rangi au harufu, tanuri zima lirudi motoni.

Kilo 10 za chenga zinachukua kama lita 14. Ukizimwaga kwenye ndoo pana utapata kina cha sentimita 28, na maji yatatafuta njia ya mkato. Kwenye bomba la inchi 6 unapata kina cha karibu sentimita 79, na dawa ileile inafanya kazi vizuri zaidi. Bomba la kutolea lipandishwe juu ya usawa wa chenga, ili zisikauke na kuingiwa na hewa. Koki ifunguliwe lita 10 kwa saa, si zaidi. Kuchemsha kufanywe baada ya kuchuja, kwa sababu chenga zilizokaa na maji huota bakteria. Kuchemsha maji ghafi hakuondoi floraidi hata kidogo. Kunaiongeza, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Sehemu ya elimu wahandisi huiona nyepesi, nayo ndiyo inayoamua. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Chujio la mchanga likiziba, maji yanapungua na kila mtu anajua. Chujio la mfupa likishiba floraidi, maji yanaendelea kutoka vizuri kabisa. Maneno tunayoyasikia zaidi nyumba kwa nyumba ni "maji yanatoka vizuri tu". Kumfundisha mtu kemia ya apataiti hakumsaidii kama hana kitu cha kuhesabu. Zile siku 222 za lita 20 ni kama lita 4,400, yaani ndoo 220 za lita 20. Ondoa akiba ya usalama, mwambie ndoo 180, na umpe karatasi yenye miduara 180 ya kutia alama, ibandikwe karibu na chujio. Kisha mtu wa kamati ya maji apite na kipimo kila baada ya miezi miwili, maana karatasi peke yake husahaulika.

Mtihani unaotolewa jioni ya semina hupima kumbukumbu ya semina. Ukitaka kujua kama elimu imeingia, rudi baada ya miezi mitatu bila kuaga, uchukue sampuli kutoka kwenye ndoo ya kunywea, siyo kwenye koki ya chujio. Utakuta nyumba zenye chujio zima ambazo maji ya chai na uji bado yanachotwa moja kwa moja bombani. Swali la mifupa ilitoka wapi litaulizwa, hasa na Waislamu, na ni swali la haki. Jibu liwe na risiti ya machinjio na aina ya mnyama.

Usipime maji pekee. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na majani ya chai nayo yanayo. Familia yenye chujio safi na magadi mabaya itakuharibia takwimu, na wewe utailaumu dawa. Meno nayo hayafai kuonyesha mafanikio ya mradi wa miaka miwili. Jino la kudumu linaloota leo lilijengwa miaka kadhaa nyuma, na doa lake halifutiki. Chunguza meno kwa kipimo cha Dean au cha TF, vinavyopanga madaraja ya madoa, ili kujua hali ya mwanzo, lakini mabadiliko yasome kwenye mkojo, ambao hubadilika ndani ya siku chache. Kazi hiyo inahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na ridhaa ya wazazi, kwa hiyo omba mapema, kabla hata tanuri halijajengwa.

Mwisho ni dawa iliyoshiba. Unaweza kuihuisha kwa sodiamu haidroksaidi ya asilimia 1, uisuuze na kurudisha pH karibu na 8 kabla ya kuitumia tena, ila kila mzunguko unapunguza uwezo. Maji ya kuhuishia yana floraidi nyingi na pH kali, hayamwagwi mferejini. Yatie kalsiamu kloraidi floraidi itulie chini, ujue kwamba juu bado patabaki miligramu kadhaa kwa lita, kisha yaache yakauke kwenye bwawa lililosakafiwa. Gharama ya bwawa hilo iingie kwenye bajeti ya kwanza, pamoja na usafiri wa kurudisha chenga zilizochoka kutoka majumbani.